Viatu Kwenye Droo ya Chini

Siku niliyorudisha funguo za ofisi, mmoja wenu alifungua droo ya chini ya meza yangu akaniuliza, "Mzee, hivi viatu ni vya nani? Tutupe?" Nikamwambia afunge droo, nitamjibu kwa maandishi. Hili ndilo jibu. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu zaidi ya nusu yenu ni watu wa kwetu, kutoka Bungoma na Mwanza na Bukavu, na kwa sababu mwenye ofisi wa sasa hawezi kulisoma.

Sitawachosha na habari za vyeo. Nilipandishwa mara mbili tu, na mara ya pili nilichopata ni kiti cha ofisi chenye magurudumu. Nitaanza na siku ya kwanza, maana ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko zote.

Nilifika Laurel, jimbo la Maryland huku Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini nikimfuata mke wangu, Rael, aliyekuwa ametangulia kuja kufanya kazi ya uuguzi. Kitale nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Nilipofungua koti langu huku nilikuta nusu ya kijiti cha chaki mfukoni. Nilikuwa nimevuka nacho bahari bila kujua. Miezi ya mwanzo nilipanga maboksi kwenye ghala moja kule Landover. Kisha Rael akaona tangazo kwenye gazeti la bure: ofisi ndogo inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Nilidhani ni utani. Mwandiko, katika nchi ambayo hata orodha ya sokoni watu walishaanza kuichapa kwenye kompyuta! Hata hivyo nilivaa tai, nikaenda.

Ofisi ilikuwa palepale ilipo leo, juu ya dobi, na ilinukia mvuke wa pasi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwenyewe alikuwa Bwana Gene, mzungu mnene, mpole, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa posta, akibeba barua mlango kwa mlango. Posta ilimfundisha jambo moja: bahasha iliyochapwa kwa mashine watu huitupa, iliyoandikwa kwa mkono huifungua. Akanipa kalamu na jina la kuandika. Nikaliandika kama ninavyoandika ubaoni. Akalitazama, akasema, "Kesho saa mbili asubuhi." Maneno yake nawatafsiria, Kiswahili hakukijua hata kidogo. Huo ndio uliokuwa usaili wote.

Kwa walio wageni kati yenu, biashara ilikuwa hii, na bado ni hii. Mtu asipolipa kodi ya majengo, kaunti haimbembelezi. Inachapa orodha gazetini, na mwezi wa Mei inafanya mnada. Kinachouzwa pale ni deni, nyumba yenyewe bado. Wewe unamlipia mwenye nyumba kodi yake, kaunti inakupa cheti. Akikurudishia pamoja na riba, wewe umepata faida na yeye amebaki na nyumba yake. Akikaa kimya miezi sita, unaweza kwenda mahakamani kuiomba nyumba. Wengi hulipa. Bwana Gene alikula kwa hao wengi. Wale wachache wasiolipa ndio waliomjengea nyumba ya likizo ufukweni.

Siku hizo mnada ulikuwa wa watu, si wa kompyuta. Tulikwenda ukumbini Upper Marlboro, kila mtu na gazeti lake amelikunja mara nne, penseli sikioni, chupa ya chai miguuni. Palikuwa na mzee mmoja aliyekohoa kila alipotaka kupandisha bei, na mwenye mnada alikijua kikohozi chake. Mwaka mmoja mzee alishikwa na mafua ya kweli, akajikuta na vyeti kumi na moja ambavyo hakuvitaka. Nimeukumbuka ukumbi ule mara nyingi tangu mambo yote yahamie kwenye skrini. Ninakosa hata harufu ya magazeti.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Bi Loretta. Alikuwa mama Mmarekani mweusi, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo, mwembamba, mkali, mwenye lenzi ya kukuzia maandishi iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amesoma rejista za ardhi kule mahakamani tangu mimi nikiwa mwanafunzi wa kaptura. Alinifundisha kuanza na mwenye nyumba wa leo na kurudi nyuma: aliuziwa na nani, huyo naye aliuziwa na nani, kama mtu anavyotaja ukoo. Vile vitabu vilikuwa vizito, nami nilivipenda. Filamu ndogo zenye picha za rejista, za kuzungusha kwenye mashine, zilinitia kichefuchefu, na Bi Loretta alinipa peremende za mnanaa ili nisimwaibishe mbele ya makarani.

"Karatasi haijui kama mtu amekufa," aliniambia wiki ya kwanza. "Itaendelea kumwita mwenye nyumba miaka ishirini baada ya mazishi. Kujua hilo ni kazi ya miguu yako."

Ndiyo maana alitunga ile fomu ya manjano ambayo wengine wenu huilalamikia. Kabla ya mnada, kila nyumba iliyo kwenye orodha yetu lazima itembelewe. Nyasi zimekatwa? Mita ya umeme inazunguka? Sanduku la barua limejaa? Na swali la mwisho kabisa: Nani alifungua mlango? Wawekezaji wengine walipita tu na gari polepole, dirisha juu, wakaandika "nzuri" au "mbovu". Bi Loretta alitaka tushuke tubishe hodi. Mimi hilo halikuniwia gumu. Kwetu mtu anayeizungukazunguka nyumba ya watu bila kupiga hodi ni mwizi au mchawi. Kwa hiyo nilisimama barazani Landover na Capitol Heights na kupaza sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!" Watu walifungua mlango upesi kuliko wanavyofungulia kengele, angalau waone ni kichaa wa namna gani.

Nilikutana na mengi. Mwaka wa kwanza tulinunua cheti cha kiwanja ambacho kwenye ramani kilipendeza sana. Nilipofika na kamera yangu ya kutumia mara moja na kutupa, nilikuta ni ukanda wa ardhi wenye upana wa mkeka, katikati ya nyua za majirani wawili wasiosemezana. Wote wawili walitoka kunipokea kwa furaha. Kila mmoja alinisihi niuchukue ukanda ule, mradi mwenzake asiupate. Mwaka uliofuata tulinunua bwawa la maji ya mvua. Lilikuwa na bata wazuri.

Haya nayasimulia kwa kucheka, na Bi Loretta angekuwa hai angecheka pia. Lakini viatu havitoki kwenye kicheko, kwa hiyo niendelee.

Mwaka wangu wa tatu, kwenye orodha ya Landover, niliona jina lililonishtua. Athumani, na baada yake jina la ukoo la watu wa Tanga. Hata mimi mtu wa bara nilijua kwamba huyo ni wa kwetu. Hapo ni lazima nikiri jambo. Watu wetu hawakujua kazi yangu hasa ni nini. Rael aliwaambia wenzake kanisani kwamba niko kwenye mambo ya nyumba, nao wakadhani nauza. Nilipendelea wadhani hivyo. Kwa Wamarekani nilikuwa mtu mwenye karatasi tu, lakini kwa mtu wa nyumbani ningekuwa Mwalimu Barasa anayevizia nyumba za watu waliokwama.

Nilikwenda Aprili, Jumamosi mchana. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, nyasi zimekatwa, mita inazunguka. Na barazani palikuwa na viatu. Vilikuwa vingi mno, viatu vya kike na vya kiume, kandambili, viatu vya watoto, vimepangwa mpaka ngazi ya chini. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na harufu ya pilau ilifika mpaka kwenye gari langu. Nilijua fika kwamba ndani wamejaa watu wa kwetu, pengine wengine wananifahamu. Nikaona nikipiga hodi pale, kesho habari zitafika Laurel kabla yangu.

Basi sikushuka. Nilikaa kwenye gari kama dakika tano, nikajiambia kwamba watu wenye wageni wengi kiasi kile hawawezi kushindwa kulipa kodi. Nikaandika "Inakaliwa, hali nzuri," nikaondoka.

Jumatatu Bi Loretta aliishika ile fomu akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hapa mbona pako wazi?"

"Hawakuwepo," nikasema.

"Rudi, basi."

Nikamwambia nitarudi, na sikurudi. Mwezi wa Mei Bwana Gene akanunua cheti cha nyumba ile, na mimi kwa mkono wangu nikamwandikia Athumani barua ya kumjulisha. Nakumbuka niliandika anwani ile kwa uangalifu kuliko kawaida, herufi zimesimama wima, kama vile mwandiko mzuri ungenifutia dhambi.

Miezi sita ilipita. Athumani hakujibu. Barua ya rejista ilirudi bila saini. Bwana Gene akamwambia wakili afungue kesi, na mimi nikapewa kazi mbili: kubandika tangazo la mahakama kwenye mlango ule, na kuandika hati ya kiapo kwamba mwenye nyumba ametafutwa. Ikiwa ningeapa kwamba hakuna mtu aliyepatikana, nyumba ingekuwa yetu baada ya wiki chache.

Ilikuwa Desemba, asubuhi ya jua lisilo na joto. Nilikuwa na tangazo mkono mmoja na selotepu mkono wa pili. Barazani safari hii palikuwa na jozi mbili tu, viatu vya kike na viatu vyeusi vya kiume. Nilisimama pale nikiwa na nafasi ya kubandika na kukimbia. Sijui ni nini kilichonishika, labda ni mazoea tu. Nikasema, "Hodi!"

"Karibu!" Sauti ya mwanamke. "Nani mwenzangu?"

Alikuwa Bi Zuhura, mke wa Athumani, mama wa umri wa kati, amejitanda mtandio, mwenye macho ya mtu anayelea wazee wa watu wiki nzima na leo ndiyo siku yake ya kupumzika. Alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Mkenya wewe."

"Wa Kitale. Umejuaje?"

"Hodi yako ina haraka. Sisi kwetu mtu hupiga mara tatu, na akijibiwa husubiri."

Alinikaribisha, akaacha mlango wazi nusu, baridi yote ikaingia nasi, maana alikuwa peke yake na mimi ni mwanamume nisiyejulikana. Nikamwambia nina karatasi ya mzee Athumani.

"Athumani katangulia mbele ya haki, kaka yangu. Tangu Machi."

Nikamkumbuka Bi Loretta na miguu yangu. Nikampa pole, kisha nikauliza kuhusu barua.

"Barua zake zipo zote," akasema, na alisema kwa fahari. "Hata moja haijapotea." Akaingia chumbani akatoka na sanduku la safari. Ndani barua zilikuwa zimepangwa kwa mafungu, kila fungu limefungwa kwa kitambaa cha khanga. Hata moja haikuwa imefunguliwa. "Shemeji yangu, kaka yake marehemu, kasema chochote chenye jina la Athumani kisiguswe mpaka afike tukae kikao cha mirathi. Ndiye mkubwa wao. Tatizo ubalozi wamemnyima viza mara mbili. Basi nami nimetunza."

"Na barua ya rejista? Ile ya kusaini?"

"Mtu wa posta alitaka saini ya Athumani. Nikamwambia Athumani hayupo. Akasema sawa, atarudi akiwepo."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona watu wakipoteza nyumba kwa ulevi, kwa talaka, kwa kamari. Huyu alikuwa anaipoteza kwa adabu. Alikuwa amekaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ile, hakutoka, hakugusa kisicho chake, alifanya kila alichoambiwa afanye na wakubwa wake, na kwa sababu hiyohiyo alikuwa karibu kutolewa nje. Hati ilikuwa kwa jina la Athumani peke yake, kwa kuwa aliinunua kabla hajamleta mkewe. Mumewe ndiye aliyelipa kodi siku zote, na ya mwaka ule alikuwa hajailipa kifo kilipomkuta. Mama wa watu hakujua hata kama kuna kodi.

Nilimweleza taratibu, kama ninavyoeleza sehemu za kumi kwa watoto. Aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Nyumba hii?"

"Hii, dada."

"Si tumemaliza kuilipia benki! Athumani alichinja mbuzi."

"Benki ni benki. Kaunti ni kaunti. Bado kuna muda, lakini mdogo. Tuzifungue barua tujue tulipo."

Akaziwekea mkono juu. "Siwezi. Nikifungua, shemeji atasema nimemzunguka. Kule Tanga watasema mjane kala mirathi huku Marekani."

Nilitaka kumwambia aachane na Tanga. Lakini nami ni mtu wa watu, najua neno kama hilo linavyoweza kukaa juu ya mwanamke miaka yote iliyobaki. Nikamwomba tumpigie shemeji. Nilikuwa na kadi ya simu ya kukwangua, ya kumpigia mama yangu Krismasi. Tukaikwangua kwa funguo ya gari. Kule Tanga ilikuwa jioni. Simu ikawekwa spika, mashine ikatuambia tuna dakika kumi na tisa.

"Wewe ni nani kuingilia mirathi ya watu?" Shemeji alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyetumwa kuichukua nyumba."

Nikasikia kiti kikivutwa kule Tanga. Kisha akasema, "Subhanallah. Zuhura, uko hapo?"

"Nipo, shemeji."

"Fungua. Fungua zote. Soma kwa sauti, nisikie."

Akaanza. Umeme, simu, msikiti, kaunti, kaunti tena. Mimi nilitafsiri, shemeji aliuliza, Bi Zuhura aliziweka zilizosomwa upande wa kulia. Alipofika ya Mei aliigeuza akaitazama bahasha kabla ya kuipasua.

"Mwandiko mzuri huu," akasema. "Nilidhani ni rafiki yake."

Akaifungua. Akaangalia saini, akaangalia tangazo lililokuwa mapajani pangu, ambalo nalo nilikuwa nimeliandika jina la Athumani juu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nikaona heri niseme yote. Nikamwambia kwamba nilifika pale Aprili, nikaona viatu barazani, nikanusa pilau, na sikushuka kwenye gari.

Alihesabu kwa vidole, polepole. "Aprili. Ilikuwa arobaini ya Athumani. Walikuja watu wa Laurel, watu wa Herndon, mpaka watu wa ubalozini. Walichanga pesa za ubani zikazidi, nikazituma Tanga wakaezekee msikiti." Hakupandisha sauti. "Ungepiga hodi, kaka yangu. Nyumba nzima ilikuwa humu. Ungepiga hodi tu."

"Dakika moja imebaki," ikasema mashine.

"Zuhura," shemeji akasema haraka, "fanya anavyokwambia huyo mtu. Na wewe Mkenya, Mungu anakuona." Simu ikakatika. Niliondoka pale bila kubandika tangazo, nikajikuta nalia kwenye gari, mahali palepale nilipoegesha Aprili.

Ofisini nilimwendea Bi Loretta kwanza. Nikamwambia nilimdanganya. Hakunigombeza. Alitoa ile fomu ya manjano kwenye faili, akaiweka mbele yangu na penseli. "Ijaze." Kwenye mstari wa mwisho nikaandika: Hakuna. Sikubisha hodi. Ipo mpaka leo, anayetaka aitafute.

Kisha nikaandika hati ya kiapo: mwenye nyumba amefariki, mjane wake anaishi humo, nimezungumza naye. Bwana Gene aliisoma akiwa amesimama.

"Mjane?"

"Mjane."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Mwalimu, mimi sinunui nyumba za wajane. Nilibeba barua zao miaka ishirini na mbili. Ungeniambia Mei, nisingeinyooshea mkono." Akamwambia wakili asimamishe kesi mpaka mwisho wa Januari. Riba yake hakuisamehe. Alikuwa mpole, hakuwa mtakatifu.

Bi Loretta alichukua siku yake ya likizo akampeleka Bi Zuhura ofisi ya mirathi ya kaunti, akamwonyesha dirisha la kusimama na karatasi ya kujaza. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao, lakini walirudi wameshikana mikono na kila mmoja ana peremende mdomoni.

Nyumbani nako nililazimika kusema. Rael alinisikiliza mpaka mwisho, sufuria mkononi.

"Baba Neema, so hiyo ndiyo job umekuwa ukifanya? Na mimi nawaambia watu wa church unauza manyumba!"

"Sikuwahi kusema nauza."

"Hukusema hauuzi! Sasa listen. Saturday nime-organize manurse wote, tunaenda kwa huyo mama. Na wewe utasimama mbele ya watu u-explain."

Jumamosi ile viatu vilijaa tena barazani Landover mpaka ngazi ya chini. Nilisimama navyo muda kidogo. Kisha nikavua vyangu nikaviweka kando ya vingine, nikapiga hodi mara tatu, nikasubiri. Ndani nilisimama nikawaeleza wote: kazi yangu, Aprili, gari. Nilitegemea nitukanwe. Dereva mmoja wa teksi, Mkongo, ndiye aliyetangulia kusema: "Mwalimu, hiyi kazi yako ni ya mubaya sana. Lakini leo umesema vérité, ukweli." Mzee mmoja wa Tanga akaniambia nikae, pilau inapoa. Kapu likapitishwa. Likapita mara mbili, Wakristo wa Laurel na Waislamu wa Landover, na kabla ya chai kodi yote ilikuwa imepatikana na riba ya Bwana Gene juu yake. Ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kutunga visingizio.

Cheti kilifutwa Januari. Wiki hiyo Bi Zuhura alinipigia simu nipite. Alikuwa anagawa nguo za marehemu, maana hatimaye shemeji alikuwa ameruhusu kwa simu. Nilidhani ataniambia nisaidie kubeba. Alitoka barazani akainama akaokota vile viatu vyeusi vya kiume.

"Hivi alivivua yeye mwenyewe siku ya mwisho aliyorudi kutoka kazini," akasema. "Sikuweza kuviondoa. Siku ya arobaini vilikuwa hapahapa, katikati ya vya wageni. Ulipovitazama viatu, kaka yangu, na hivi uliviona."

Akavisukuma mikononi mwangu.

"Chukua. Ukifika kwenye nyumba za watu, ushuke navyo."

Athumani alikuwa na mguu wa namba tisa, mimi navaa kumi. Nilivivaa kila Aprili tangu mwaka ule, kwa kila nyumba iliyokuwa kwenye orodha. Fundi viatu wa karibu na stesheni ya Laurel alivibadilisha soli mara nne, na kila mara aliniuliza kwa nini sinunui vipya vinavyonitosha. Bi Loretta aliwahi kuniona nikichechemea kwenye ngazi za mahakama. Hakuuliza, alinipa peremende.

Nyinyi sasa orodha mnaipata kwenye skrini, na nyumba mnaziona kwa picha za kutoka angani, wazi kiasi kwamba mnaweza kuhesabu vigae vya paa. Ni jambo zuri, magoti yangu yangelifurahia. Lakini viatu vilivyo barazani, chini ya paa, havionekani kutoka angani.

Kwa hiyo msivitupe. Atakayekaa kwenye kiti changu avivae. Vikimbana, asijali, hata mimi vilinibana.